Rafu za Noonkopir, Kaunta za Kimuka: Kona za Maduka Zinavyoisimulia Ardhi ya Kajiado

Historia ya miji midogo ya Kaunti ya Kajiado imezoea kuandikwa kwa hati za ardhi, ramani za wapimaji na takwimu za sensa, ilhali kumbukumbu iliyo hai zaidi ya mabadiliko yake imo mahali pasipo na jalada wala mhifadhi, nayo ni kona ya mtaa yenye maduka matatu au manne yaliyogeuka na kugeuka tena kadiri wateja walivyobadilika. Kona inayozungumziwa hapa ni ile njia panda ambapo barabara ya vumbi inatoka mtaani na kukutana na barabara kuu, penye duka la rejareja, bucha, kinyozi na steji, yaani kituo ambacho matatu au bodaboda husubiri abiria. Anayetaka kujua jinsi malisho ya Wamaasai yalivyokuwa ploti, na jinsi ploti zilivyokuwa vyumba vya kupanga, atafaidika akizisoma rafu za kona hiyo mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa mwenye duka huleta bidhaa anayojua itanunuliwa, na kwa hiyo rafu yake haina budi kuonyesha ni nani anayeishi jirani, pesa zake zinatoka wapi na zinamfikia lini.

Sehemu mbili za kaunti hiyo zinastahili kutazamwa pamoja. Ya kwanza ni Kitengela, mji ulio kando ya barabara ya Namanga takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi, ambao kiini chake ni Noonkopir, kituo kidogo cha biashara kilichoanzia katika nchi ya Ilkaputiei, mojawapo ya makundi makuu ya Wamaasai. Ya pili ni Kimuka, nyuma ya milima ya Ngong, katika nchi ya Ilkeekonyokie, ambako ardhi inaanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa na ambako maduka bado yanahesabika. Kitengela imekwisha kuzipita hatua ambazo Kimuka ndiyo kwanza inaziingia, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kusimama katika kona za Kimuka leo akaona mambo ambayo Noonkopir yamebaki katika midomo ya wazee peke yake.

Biashara katika nchi hii ilitangulia maduka. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipumzika Ngongo Bagas, karibu na Ngong ya sasa, ikibeba shanga, nyaya za shaba na vitambaa vya kubadilishana na pembe za ndovu na chakula, lakini biashara hiyo ilikuwa ya wapita njia, na msafara ulipoondoka soko nalo liliondoka. Duka kama nyumba yenye mlango, kaunta na mtu anayelala humo humo lilifuata reli. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, wafanyabiashara wa Kihindi waliandamana nayo, na mashuhuri miongoni mwao, Allidina Visram, alifungua mfululizo wa maduka kutoka Mombasa hadi Uganda. Tawi la reli la kutoka Konza hadi Magadi, lililokamilika mwaka 1915 ili kusafirisha magadi ya ziwani, ndilo lililoipa Kajiado kituo chake cha treni, na kituo hicho kikawa na maduka. Wakati huo Wamaasai walikuwa wamekwisha kusukumwa katika hifadhi ya kusini kwa mikataba ya 1904 na 1911, na serikali ya kikoloni iliruhusu wageni kufanya biashara katika vituo maalumu vilivyotambuliwa rasmi, ambavyo viliwekwa mbalimbali sana, hivi kwamba kwenda dukani kulikuwa safari ya kutwa.

Baada ya uhuru, Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara ya bidhaa fulani na katika maeneo fulani, na katika miaka michache iliyofuata kaunta nyingi za Wahindi katika miji midogo ya Kenya zikapita mikononi mwa Waafrika. Katika nchi ya Wamaasai waliozichukua hawakuwa Wamaasai peke yao, kwa sababu Wakikuyu, Wakamba na Wasomali walikuwa na uzoefu wa biashara, mitaji ya kifamilia na jamaa waliokuwa Nairobi wa kuwatumia mali kwa mkopo. Jambo hili linafaa kusemwa waziwazi, maana kuna watu wanaodhani kwamba mchanganyiko wa makabila katika miji ya Kajiado umeletwa na ununuzi wa ploti wa miaka ya karibuni. Kaunta zilichanganyika kabla ya mashamba kukatwa.

Duka la enzi za wafugaji lilikuwa na mpangilio ambao aliyewahi kuliona hausahau. Lilikuwa jengo refu la mawe au la mabati, lenye veranda na benchi mbele, na ndani lilikuwa na kaunta ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya wateja. Juu yake mizani ya sahani mbili na mawe yake ya chuma, na nyuma yake magunia ya sukari na ya unga wa mahindi yaliyofunguliwa midomo, kila moja likiwa na kikombe chake cha kuchotea. Sukari ilifungwa katika kipande cha gazeti kilichokunjwa kuwa pembe. Kwenye rafu kulikuwa na majani ya chai, tumbaku, ugoro, chumvi, viberiti, betri za tochi na za redio, mablanketi, na shuka nyekundu na za mirabamiraba zilizopangwa hadi karibu na dari. Kwenye misumari ya ukutani zilining'inia akala, yaani viatu vya mpira wa matairi, na nyuzi za shanga za kioo, nyingi zikiwa zimetoka Ucheki na kupitia kwa wafanyabiashara wa Nairobi. Mboga hazikuwepo, wala maziwa, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumuuzia Mmaasai maziwa. Rafu hiyo peke yake inaeleza kwamba mteja alikuwa na ng'ombe nyumbani, alikuja mara chache, alinunua vingi kwa mpigo, na fedha zake zilitoka kwa mbuzi aliyeuzwa mnadani siku hiyo hiyo.

Kwa sababu fedha zilifuata mifugo, ukame ulifika dukani kabla ya kutangazwa na mtu yeyote. Mvua zinapokosekana bei ya mnyama aliyekonda huanguka wakati ule ule ambapo bei ya mahindi inapanda, na mfugaji hulazimika kuuza wanyama wengi ili apate unga ule ule mmoja. Katika ukame wa 1984, na tena katika ule wa 2009 ambao uliiumiza Kajiado vibaya, mwenye duka ambaye wateja wake ni wafugaji alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, ama kukataa kukopesha na kuwapoteza, ama kukopesha na kungoja mvua pamoja nao. Uamuzi huo ulitengeneza udugu katika kona nyingi na uadui katika nyingine, na watu wazima wa Kajiado bado wanamkumbuka aliyefungua gunia na aliyefunga mlango.

Mabadiliko makubwa ya Noonkopir yalianzia mbali na maduka. Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi ya mwaka 1968 ilikuwa imeanzisha ranchi za vikundi, yaani maeneo makubwa yaliyosajiliwa kwa jina la wanachama wote wa jamii fulani na kusimamiwa na wawakilishi waliochaguliwa, na nchi ya Ilkaputiei ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuingia katika mpango huo. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa na zaidi ya hekta 18,000 na wanachama zaidi kidogo ya 200, na mwaka 1988 iligawanywa, kila mwanachama akapata hatimiliki yake binafsi. Hatimiliki inaweza kuuzwa, na miaka miwili baadaye, 1990, Kenya ikapitisha sheria ya maeneo maalumu ya utengenezaji wa bidhaa za kuuza nje, ambayo Wakenya wote wanayaita EPZ, na eneo kubwa kuliko yote likawekwa Athi River, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti. Kila kilichoonekana baadaye katika kona za Kitengela kinatokana na mambo hayo mawili kukaribiana kiasi hicho, ardhi iliyoanza kuuzika na ajira iliyohitaji mahali pa kulala.

Hadiwea ndiyo iliyokuwa ya kwanza kubadili sura ya kona. Neno hilo Kenya linamaanisha duka la vifaa vya ujenzi, na duka hilo lilipofunguliwa mahali palipokuwa na duka la shuka, lilikuwa na tabia zake tofauti kabisa: uwanja wa mbele ukajaa marundo ya mchanga, kokoto na mawe ya kuchonga, mabati yakaegemezwa ukutani yakiwa yamepangwa kwa geji, na mifuko ya saruji ya kilo 50 ikafika kwa lori kutoka viwanda vya Athi River vilivyo karibu kiasi kwamba gharama ya kusafirisha ilikuwa ndogo. Wateja wake hawakuwa wenyeji. Walikuwa watumishi wa serikali, walimu na wafanyabiashara wa Nairobi waliokuja Jumamosi na mkandarasi wao, wakajenga ukuta kuzunguka ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni karibu thumni ya ekari, kisha wakarudi mjini wakasubiri. Nyasi zilizobaki kati ya kuta hizo hazikuweza tena kulisha kundi, na nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, kuja kuzaa katika tambarare za Athi na Kaputiei walipungua kutoka zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi elfu chache. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwepo mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua wala wasiuze, na mpango huo uliokoa mashamba ya upande wa mbuga. Lakini karibu na barabara ya Namanga hakuna malipo ya namna hiyo ambayo yangeshindana na bei ya ploti.

Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia katika soko lake bila ushuru, viwanda vya nguo vya EPZ viliajiri maelfu ya vijana, wengi wao wanawake, na wenye ploti wakatambua kwamba vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, vyenye mlango mmoja mmoja na bomba moja la pamoja, vinalipa kuliko nyumba ya familia. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu takriban 58,000 Kitengela, na ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 150,000. Takwimu hizo zina uzito wake, lakini aliyekuwa nyuma ya kaunta aliyajua hayo mapema kuliko wahesabuji, kwa sababu aliona watu wakiacha kununua sukari kwa kilo mbili na kuanza kuinunua kwa robo.

Hapo ndipo ilipozaliwa biashara ya kadogo, yaani kuuza kila kitu kwa kipimo kidogo kinacholingana na pesa za siku, na hakuna kipindi katika historia ya kona hizi kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya hiki. Mwenye duka la kadogo hukata mche wa sabuni kwa kisu au uzi katika vipande vilivyo sawa, hupima unga na maharage kwa gorogoro, ambayo ni kopo la takriban kilo mbili, au kwa nusu na robo yake, humimina mafuta ya kupikia katika chupa iliyoletwa na mteja, hugawa mkate katikati, huuza sigara moja moja na hata nepi ya mtoto moja moja. Kaunta ya mbao iliyokuwa wazi imefunikwa na wavu wa chuma kutoka juu hadi chini kwa hofu ya wezi, na katikati ya wavu kuna tundu la mraba ambamo mkono mmoja hupitisha sarafu na mwingine hupitisha bidhaa. Mteja hatazami tena rafu kwa nafasi, bali hutaja anachotaka akiwa amesimama nje, mara nyingi kukiwa na watu nyuma yake, saa moja usiku, akitoka zamu. Wapo wanaosema kwamba biashara hii huwatoza maskini zaidi kwa kila gramu, na hesabu hiyo ni sahihi; lakini ni sahihi pia kwamba mshahara wa kiwandani ukiisha tarehe 15 hakuna supamaketi itakayompa mtu kijiko cha chumvi, na mwenye duka humpa.

Chombo kilichowezesha huruma hiyo, na wakati mwingine kuiharibu, ni daftari la madeni. Kwa kawaida ni daftari la shule la kurasa 96 au 200, lenye jalada lililofungwa kwa selotepu, na ndani yake wateja hawakuandikwa kwa majina ya kitambulisho bali kwa majina ya watoto wao, kwa nambari za vyumba au kwa kazi zao, kila mmoja akiwa na ukurasa wake wa vitu vidogo vidogo vilivyofuatana kwa tarehe hadi mstari mwekundu wa mwisho wa mwezi unapokata. Ukurasa usiokatwa ni wa mtu aliyehama usiku. Mtafiti wa historia ya kawaida ya watu wa Kitengela angepata katika daftari moja kama hilo habari nyingi zaidi za chakula, za magonjwa, za ada za shule na za kupunguzwa kazi viwandani kuliko anazoweza kuzipata katika ripoti yoyote, na inasikitisha kwamba mengi yameishia kuwashia jiko.

Simu ilibadilisha daftari bila kuliua. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, kona zilizokuwa na kibanda cha Simu ya Jamii, ambako watu walilipa kwa dakika ili wapige simu, zilipata kazi mpya mahali pale pale, na mwenye duka akawa wakala anayepokea na kutoa pesa. Nambari za malipo za Lipa na M-Pesa zilifuata mwaka 2013, kisha Januari 2019 ikaja Fuliza, huduma inayomruhusu mteja kulipa zaidi ya kiasi alichonacho na kukatwa deni na ada pesa nyingine zikiingia. Kwa mwenye duka Fuliza ilikuwa nafuu, kwa maana deni lilihamia kwa kampuni. Kwa mteja haikuwa sawa, kwa kuwa daftari halikuwa na ada ya kila siku, na mwenye duka alijua kama mtoto wa chumba cha saba anaumwa, jambo ambalo mtambo haulijui wala hauulizi.

Kuta za nje nazo zina historia yake. Nchini Kenya makampuni hujitolea kupaka duka rangi bure kwa sharti kwamba ukuta mzima ubebe nembo ya bidhaa na jina la duka liandikwe dogo juu ya mlango, na mwenye duka ambaye hana pesa za rangi hukubali. Kwa hiyo ukuta wa kona ya zamani, rangi inapobanduka kwa jua, huonyesha tabaka zake moja chini ya nyingine: nyekundu ya soda, bluu ya sabuni, manjano ya viungo vya mchuzi, kijani ya simu. Kila tabaka linaonyesha ni kampuni gani iliyotamani macho ya mtaa katika miaka fulani, na tabaka la chini kabisa, chokaa nyeupe yenye maandishi ya mkono, ni la siku ambazo duka lilikuwa na jina la mwenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo kuna biashara zilizofika kwa kishindo na kuondoka kabla hazijazoeleka. Studio za picha zenye pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji zilipotezwa na kamera za simu, na vibanda vya video vikamalizwa na runinga za bei nafuu na intaneti. Saiba, yaani maduka ya kompyuta za kukodi, zilionekana kwamba zinakufa, lakini serikali ilipohamishia huduma zake mtandaoni, kuanzia kodi hadi vitambulisho, zikafufuka, na sasa karibu kila kona ina mlango wenye maandishi ya eCitizen na foleni ya watu walioshika karatasi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 ilirudisha kwa muda karatasi ya gazeti katika kaunta ambazo zilikuwa zimeisahau.

Maji yamedumu kuliko yote hayo. Visima vingi vya Kitengela hutoa maji yenye chumvi na floraidi, madini ambayo yakizidi huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na ingawa bomba la Nolturesh huleta maji kutoka miteremko ya Kilimanjaro, halitoshi mji ulioongezeka namna hii. Ndiyo maana kona nyingi zina mlango wa kuuza maji yaliyochujwa kwa mtungi wa lita 20, na mkokoteni wa mitungi ya manjano umeegeshwa mahali ambapo zamani ng'ombe walipita wakielekea mtoni. Bucha nayo imebaki, ikiwa na dirisha lake la kioo na mizoga iliyotundikwa, ingawa mteja wake wa sasa ananunua nyama ya kupimiwa kwa pesa wala si mguu mzima wa mbuzi.

Barabara ya Arusha–Namanga–Athi River ilipokarabatiwa upya, kazi iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 2010, vibanda vilivyokuwa katika hifadhi ya barabara viliondolewa na kona halisi zikasogea nyuma mita kadhaa, na wenye maduka ya mbele ya zamani wakajikuta safu ya pili. Kodi zilipanda, na pamoja na kodi ikapanda gudwili, ambayo ni pesa anazolipa mpangaji mpya kwa anayeondoka, au kwa mwenye jengo, ili apewe nafasi yenye wateja waliokwisha kuzoea mlango. Gudwili ya kona huwa kubwa kuliko ya katikati ya mtaa, kwa kuwa kona huonekana kutoka pande mbili, na kwa kweli kinachouzwa hapo ni kumbukumbu ya watu, yaani mazoea ya miguu yao. Wazee waliojenga wateja hao kwa miaka 20 hawakupata chochote kila mara, hasa waliokuwa wapangaji wasio na mkataba wa maandishi, na hili ni dhuluma ambayo haijazungumzwa vya kutosha.

Wengi walitabiri kwamba supamaketi zitayamaliza maduka ya kona. Kilichotokea ni kwamba Nakumatt, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini, ilifikia hatua ya wadai wake kupiga kura ya kuifunga kabisa Januari 2020, na Tuskys ikaanza kuporomoka mwaka huo huo, ilhali duka lenye wavu na daftari liliendelea kufungua saa kumi na mbili asubuhi. Naivas na wenzake wamejaza nafasi hiyo na wana wateja wengi, lakini wateja hao hao, wakishatoka kwenye matatu nambari 110 na kuifuata barabara ya vumbi kwenda nyumbani, husimama kwenye kona kununua vitunguu viwili kwa mama mboga na maziwa ya jioni.

Yote hayo yanaipa Kimuka umuhimu wake. Kwa muda mrefu sehemu hiyo ilikingwa na milima ya Ngong, na aliyetaka bidhaa zaidi ya sukari, chai na dawa za mifugo alivuka mgongo wa mlima hadi Ngong mjini. Lami ya barabara inayotoka Ngong kupitia Kimuka kwenda Suswa ilipunguza umbali huo, kisha ikaja reli mpya ya kutoka Nairobi kwenda Naivasha, iliyofunguliwa Oktoba 2019, ambayo inapita chini ya milima kwa handaki la takriban kilomita 4.5 na kutokeza upande wa Bonde la Ufa. Abiria wa treni haoni mengi ya Kimuka, lakini wapimaji, wafanyakazi wa ujenzi na madalali wa ardhi waliifahamu njia, na hawakuisahau mradi ulipokwisha.

Katika kona za huko duka lenye nguvu zaidi kwa sasa ni agroveti, yaani duka la pembejeo na dawa za mifugo. Maduka ya aina hiyo yalienea Kenya baada ya serikali kupunguza huduma zake za mifugo mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, wakati majosho ya pamoja, ambamo ng'ombe walizamishwa katika dawa ya kupe, yalipoachwa kwa jamii na mengi yakakauka. Tangu hapo mfugaji hununua dawa yake katika chupa na kuinyunyiza kwa pampu ya mgongoni. Kaunta ya agroveti huwa na dawa za minyoo, madini ya kulamba, mabomba ya sindano na ushauri wa bure, na mwenye kaunta huulizwa kuhusu ng'ombe aliyelala tangu asubuhi kabla ya kuulizwa bei. Lakini rafu zake zimeanza kuchanganyika: karibu na dawa ya kupe sasa kuna chakula cha kuku wa mayai, mbegu za sukumawiki katika pakiti ndogo, nyavu za kivuli, misumari na kufuli. Kuku wa mayai na sukumawiki ni vya mtu mwenye robo ekari, na kufuli ni la mtu asiyelala huko. Nje, kwenye miti na nguzo za umeme, vibao vya ploti zinazouzwa vimepigiliwa, na mara nyingine hatua chache kutoka hapo kuna ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba shamba hili haliuzwi, tangazo ambalo huandikwa na familia iliyogundua kwamba jamaa mmoja, au tapeli mmoja, amekwisha kuanza kuliuza.

Si lazima Kimuka iende njia ya Kitengela hatua kwa hatua. Haina EPZ jirani, miteremko yake haifai vyumba vya mstari mmoja popote pale, na wazee wa Ilkeekonyokie wameiona Kitengela kwa macho yao. Hata hivyo mpango wa matumizi ya ardhi ulioandaliwa na Baraza la Kaunti la Olkejuado, serikali ya mitaa ya Kajiado ya wakati huo, kwa ajili ya Kitengela, Isinya na Kipeto, ambao ulikusudia kutenga malisho na maeneo ya mji, ulikuja wakati kuta nyingi za Kitengela zilikuwa zimeshasimama, na kwa Kimuka huo ndio mfano unaofaa kufikiriwa mapema, wakati hadiwea bado ni sehemu ya rafu ya agroveti na haijapata jengo lake.

Kuhusu kumbukumbu zenyewe, hali si nzuri. Ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya wa kikoloni zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, na anayezisoma anaweza kuufuatilia utawala wa wilaya mwaka hadi mwaka. Baada ya hapo habari za maduka zilibaki katika vitabu vya leseni vya mabaraza, na mwaka 2013 mabaraza yalipokabidhi mali zao kwa serikali za kaunti, karatasi za namna hiyo hazikuwa jambo la kwanza katika akili ya mtu yeyote. Serikali ya Kaunti ya Kajiado ingefanya jambo la maana ikivikusanya vitabu vya Olkejuado vilivyosalia, ikawauliza wazee wa Noonkopir walioshika kaunta kabla ya 1988 majina ya maduka kwa mpangilio, mlango kwa mlango, na kuomba nakala za picha za studio ambazo nyuma ya watu waliopigwa kuna maduka yasiyokuwepo tena. Kwa Kitengela kazi hiyo inahitaji miezi na watafiti kadhaa, kwa sababu waliokuwepo wametawanyika Isinya, Bissil na kwingineko. Kwa Kimuka mtu mmoja mwenye simu na daftari, akianzia steji ya bodaboda na kuingia kila mlango, angeweza kuziandika kona zote pamoja na bidhaa zilizomo rafuni kabla ya jua kutua.